Mwanagenzi na Tufani ya 1872 (Sehemu ya Pili): Rasimu Mbele ya Wenzako

Jumapili iliyopita tulimwacha mwanagenzi wetu, binti aliyepelekwa Unguja kwa mafunzo ya vitendo, akiwa na bahasha ya vinukuu na mada moja: tufani iliyoipiga Zanzibar tarehe 15 Aprili 1872. Ofisi ilimtaka aandike kurasa kumi. Leo nieleze yaliyofuata baada ya rasimu ya kwanza, maana hapo ndipo kazi nyingi za vijana wetu hukwama.

Rasimu yenyewe ilikuwa safi. Ilisema kwamba upepo uliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, basi Pemba ikawa kisiwa cha karafuu. Yote hayo ni kweli. Msimamizi aliipitia, akaandika "vyema" pembeni, akarudi kwenye mafaili yake. Simlaumu, ana wanagenzi wengi. Lakini neno "vyema" halijapata kumrudisha mtu maktaba.

Waliomrudisha ni wenzake watatu waliokuwa field kipindi hicho hicho: mmoja anasomea hali ya hewa, mmoja kilimo (huyu ni kijana wa Wete, Pemba), na wa tatu historia. Walipatana wakutane barazani baada ya sala ya alasiri. Mwenye zamu husoma kurasa zake kwa sauti, kisha hunyamaza. Wengine hawaruhusiwi kusifu wala kunyoosha sentensi. Kazi yao ni kuuliza tu. Kanuni hiyo naiona bora kuliko warsha nyingi nilizohudhuria. Mwenzako akikunyooshea sentensi utamshukuru na utabaki pale pale ulipokuwa. Akikuuliza usilolijua, huna budi kwenda kulitafuta.

Kijana wa Wete ndiye aliyeanza. "Dada, mkarafuu ukipandwa leo, utauchuma lini?"

Hakuwa amelifikiria. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na mingi zaidi kabla ya kufikia nguvu zake zote. Kumbe kati ya upepo na utajiri wa Pemba kuna miaka kadhaa ya kufyeka, kupanda na kupalilia, na rasimu ilikuwa imeiruka miaka hiyo kwa neno moja, "basi". Nani alipanda? Nani alipalilia?

Hapo mwanafunzi wa historia akaweka tarehe nyingine mezani. Januari 1873, miezi tisa tu baada ya tufani, Sir Bartle Frere alifika kutoka Uingereza kumtaka Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, akomeshe biashara ya watumwa. Barghash alijitetea kwa tufani ile ile: nchi imekwisha kuharibiwa na upepo, akinyang'anywa watumwa tena ataangamia. Utetezi haukumfaa. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko lao.

Sasa mambo mawili yakagongana. Mikarafuu ya Unguja imelala chini, bei ya karafuu imepanda, na wenye mashamba Pemba wanataka kupanda kwa haraka. Wakati huo huo njia ya kuwaleta watu wa kufanya kazi imefungwa kisheria. Kilichotokea ni magendo. Watu waliswagwa kwa miguu kufuata pwani, hadi Barghash alipoipiga marufuku njia hiyo pia mwaka 1876, na wengine wakavushwa kwa majahazi. Uingereza iliweka bandarini Zanzibar manowari ya HMS London kuanzia 1874 hadi 1883 kwa ajili ya doria, na nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 alipojaribu kupekua jahazi. Karafuu ya Pemba, basi, ilipandwa kwa sehemu kubwa na mikono ya watumwa. Katika rasimu yote ya binti yule hakukuwa na mtumwa hata mmoja.

Wa hali ya hewa aliuliza lililoonekana kuwa la pembeni: tufani ilifikaje pale? Unguja ipo kama nyuzi sita kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ile inayozungusha upepo ukawa tufani, ni hafifu mno. Tufani iliyopiga Lindi Aprili 1952, na Hidaya iliyofika Mafia Mei 2024, zote zilipita kusini zaidi. Kijana alitaka suala hilo lipewe kurasa tatu. Lilipewa sentensi mbili, na nadhani ilikuwa haki. Msaada wa wenzako una hatari yake: kila mmoja huvutia andiko lako kwenye fani yake, na usipoangalia utamaliza ukiwa umeandika kazi nne nusunusu. Binti alifungua daftari la maswali. Kila swali aliloliacha aliliandikia sababu.

Swali moja hakuweza kuliacha. Vingi kati ya vinukuu vyake vilikuwa barua za John Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi mdogo wa Uingereza na ambaye ndiye aliyekamilisha mkataba wa 1873 baada ya Frere kuondoka. Mtu anayetaka mkataba ataielezaje hasara ya anayeukataa? Ilibidi kila takwimu iliyotoka kwake itajwe kuwa ni yake, na hesabu ya miti iliyoanguka ikaandikwa kama makadirio.

Shukrani kwa wenzake watatu zilikaa ukurasa wa kwanza, kwa majina na kwa swali la kila mmoja. Msimamizi alipopokea rasimu mpya aliuliza jambo moja tu: nani amemruhusu kuvuka kurasa kumi? Kupunguza bila kuua hoja ndiyo mada ya Jumapili ijayo.