Je, Wajua? Wa Kwanza Darasani Huishia Wapi

Je, wajua kwamba wapo watafiti waliowafuatilia wanafunzi bora tangu siku za shule hadi utu uzima, ili waone maisha yamewafikisha wapi? Mwaka 1981, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, Terry Denny na Karen Arnold waliwachukua vijana 81 waliomaliza sekondari wakiwa wa kwanza au wa pili katika shule zao. Arnold aliendelea kuwahoji kwa miaka mingi, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu yao kiitwacho Lives of Promise.

Walifanya vizuri. Chuoni waliendelea kupata alama za juu, na baadaye wengi wakaingia katika kazi za heshima: uhasibu, uanasheria, udaktari, uhandisi, ualimu. Kwa mzazi yeyote hayo ni mafanikio, na sioni sababu ya kuyadharau. Lakini Arnold hakukuta kundi la watu wa kupindua fani zao au kuleta jambo ambalo dunia haikulijua. Wengi walikiri wenyewe kwamba hawakuwa na akili kuliko wenzao wote darasani. Walichowazidi wenzao ni kujituma. Walijua mwalimu anataka nini, wakampa, somo baada ya somo, mwaka baada ya mwaka.

Lipo jambo jingine katika utafiti ule ambalo husemwa mara chache, nami naliona zito kuliko yote. Walipotoka sekondari, wasichana na wavulana wa kundi hilo walijipima akili karibu sawasawa. Kufikia mwaka wa pili wa chuo, wasichana walikuwa wameanza kujishusha, ilhali alama zao zilibaki za juu. Cheti kilisema wanaweza, wao wakaanza kutoamini. Mwalimu au mzazi mwenye binti anayeongoza darasa alijue hilo mapema, maana alama peke yake haimjengei mtoto moyo wa kujiamini.

Je, wajua alama za shule hupima nini hasa? Angela Duckworth na Martin Seligman waliwachunguza wanafunzi wa darasa la nane huko Marekani, na mwaka 2005 wakaeleza kwamba uwezo wa kujitawala, yaani kukaa chini ukafanya kazi wakati wenzako wanacheza, ulitabiri alama za mwisho wa mwaka vizuri kuliko kipimo cha akili. Miaka minne baadaye Arthur Poropat alikusanya tafiti nyingi za aina hiyo akazipima kwa pamoja. Aliona kwamba tabia ya bidii na umakini inahusiana na matokeo ya masomo karibu sawa na akili yenyewe. Kwa hiyo ripoti ya shule ni habari ya tabia, na tabia hiyo hufaa pia kazini. Hapo ndipo penye nguvu ya kweli ya alama.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka kwenye mtihani mmoja wa Marekani uitwao GED. Aliyeacha shule akiufanya na kuupasi hupewa cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari. James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, alishirikiana na wenzake kuwachunguza wenye cheti hicho. Katika majaribio ya akili walikuwa karibu sawa na waliomaliza shule bila kwenda chuo. Katika maisha mambo yalikuwa mengine. Ukiondoa tofauti ya uwezo wa akili, mishahara yao ilifanana na ya walioacha shule bila cheti chochote, na wengi waliacha kazi, wakaacha chuo, hata jeshini hawakudumu. Mtihani uliona akili yao, lakini haukuona kama wana uvumilivu wa kuamka kila siku kwenda mahali pale pale kufanya jambo lile lile. Aliyekaa shuleni miaka yote alikuwa amekwisha kuuonyesha uvumilivu huo.

Na vipimo vya akili vyenyewe? Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwachagua watoto zaidi ya 1,500 wa California wenye alama za juu sana za akili, nao wakafuatiliwa maisha yao yote. Wavulana wawili walipimwa wakaachwa nje kwa kuwa alama zao hazikufika: William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Katika waliochaguliwa, hakuna hata mmoja aliyeipata.

Je, wajua kwamba Albert Einstein hakuwahi kuanguka hesabu? Hadithi hiyo imewafariji wengi, lakini si ya kweli. Mwaka 1895, akiwa na miaka 16, alijaribu mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, miaka miwili kabla ya umri wa kawaida. Hesabu na sayansi alifanya vizuri. Kilichomwangusha ni masomo mengine, Kifaransa kikiwemo. Mwaka uliofuata alimaliza sekondari mjini Aarau akiwa na alama 6 katika hesabu, na huko Uswisi 6 ndiyo ya juu kabisa, wakati Ujerumani 1 ndiyo bora. Lililompata kweli lilikuja baadaye. Alihitimu chuo mwaka 1900, wenzake wakapewa kazi za usaidizi chuoni, yeye akakosa kwa kuwa hakuwa kipenzi cha maprofesa wake. Alihangaika mpaka mwaka 1902 alipopata ajira katika ofisi ya hataza mjini Bern. Alikuwa na cheti na akili; alichokosa ni mtu wa kumwandikia barua nzuri.

Anayetaka mfano wa kweli wa mtu wa mwisho darasani amtazame John Gurdon. Mwaka 1949, katika shule ya Eton huko Uingereza, alikuwa wa mwisho katika wanafunzi 250 wa mwaka wake katika biolojia. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ndoto ya kijana huyu kuwa mwanasayansi ni upuuzi, na kwamba kumfundisha ni kupoteza muda wake na wa watakaomfundisha. Alikwenda Oxford, akasoma zuolojia, akafanya majaribio ya mayai ya vyura yaliyoonyesha kwamba chembe iliyokwisha kukomaa bado inabeba maelekezo yote ya kutengeneza kiumbe kizima. Mwaka 2012 alipewa Nobel ya tiba pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani. Ripoti ile aliitia kwenye fremu.

Lakini tuseme ukweli kuhusu Gurdon. Alikuwa Eton, moja ya shule za wenye uwezo mkubwa Uingereza, na familia yake iliweza kumtafutia njia nyingine. Mtoto wa Tandahimba au Turkana anayeandikiwa maneno kama yale hana njia ya pili inayomngoja. Kila ninaposikia kijana akiambiwa "fulani alifeli na leo ni tajiri", naona amepewa habari nusu.

Maana huku kwetu alama huamua mlango. Owen Ozier aliwachunguza vijana wa magharibi mwa Kenya waliofanya mtihani wa darasa la nane, KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Aliwalinganisha waliopata alama kidogo juu ya mstari wa kuingia sekondari na waliopata kidogo chini yake, watoto ambao kwa uwezo hawakutofautiana. Waliovuka na kusoma sekondari walikuwa na uwezo zaidi wa kufikiri na wa lugha walipokuwa watu wazima. Wavulana hawakuishia sana kwenye vibarua vya kujitafutia visivyo na ujuzi, na wasichana walipata mimba za utotoni kwa uchache zaidi. Alama chache tu ziligeuza maisha.

Ajabu ni kwamba aina ya shule haikuwa na nguvu hiyo. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walitumia njia ile ile kuwatazama waliopenya kwa shida kuingia shule za kitaifa za Kenya na waliozikosa kwa alama chache. Katika utafiti wao wa mwaka 2014 waliona kwamba shule hizo hazikuwaongezea vijana hao alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa kiasi cha kuonekana. Zinang'ara kwa sababu huchukua walio bora tangu mwanzo. Familia zinazouza ng'ombe ili mtoto aende shule yenye jina zingenufaika kujua hili: kuingia sekondari ni jambo kubwa, jina la shule ni dogo kuliko tunavyodhani.

Je, wajua pia kwamba bahati ya siku moja huingia ndani ya cheti? Watafiti nchini Israeli waligundua kwamba waliofanya mtihani wa kumaliza sekondari siku zenye hewa chafu walipata alama pungufu, na miaka mingi baadaye mishahara yao ilikuwa midogo. Huko New York joto kali la siku ya mtihani hushusha matokeo vivyo hivyo. Umri nao una sehemu yake: katika nchi nyingi, watoto wadogo kuliko wenzao darasani hubaki nyuma kwa alama hata wakifika darasa la nane.

Tanzania tuna mfano wetu, na wanaoukumbuka wanaukumbuka kwa uchungu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na divisheni sifuri. Mwezi Mei 2013 serikali iliyafuta na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa awali, na baadhi ya walioitwa wameanguka wakawa wamefaulu. Karatasi zilikuwa zile zile na majibu yale yale. Kilichobadilika ni utaratibu wa kupanga madaraja.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alieleza kwamba mitihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati uliowekwa, na haipimi tabia wala moyo wa kuwatumikia watu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za mwanafunzi za miaka yote zihesabiwe, na kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sehemu ya kwanza ipo hadi leo. Na mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa, uamuzi ambao mimi nauunga mkono.

Kwa waajiri, alama hunyamaza haraka. Laszlo Bock, aliyesimamia ajira za Google, alisema mwaka 2013 kwamba takwimu za kampuni hiyo zilionyesha alama za chuo hazisaidii kumtabiri mfanyakazi, isipokuwa kidogo kwa aliyetoka chuoni karibuni.

Kwa hiyo, mzazi, matokeo yakitoka na mtoto akawa na divisheni wani, furahi naye, kisha umuulize anapenda kufanya nini, maana huenda hajawahi kuulizwa. Akiwa na sifuri, usimfiche chumbani. Nchini Tanzania aliyefeli kidato cha nne anaruhusiwa kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na aliyekosa sekondari kabisa anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, kisha aendelee hadi kidato cha nne. Mpeleke kituo cha mtihani kilicho karibu akaulize tarehe za kujisajili.