Vitu Vipasavyo Kuchukuliwa na Mtu Aendaye Kulala Hemani

Watu wengi wa mjini na wa mashambani hupenda siku hizi kwenda kulala hemani wakati wa mapumziko. Wako wanafunzi na vijana wa Skauti, wako washirika wa makanisa, na wako akina baba na mama waendao na watoto wao ili kupumzika na kelele za mji. Zamani hema lilidhaniwa kuwa ni kitu cha askari, cha mpimaji wa ardhi na cha mwindaji mgeni, na wale waliolibeba kichwani mara nyingi hawakulala ndani yake. Sasa mambo yamegeuka, na hema dogo la nailoni hununuliwa na mtu ye yote mwenye haja nalo. Lakini wako wanunuao hema, wakatia garini blanketi moja na mikate miwili, wakaenda zao. Nao hurudi kesho yake wakiapa ya kwamba hawatafanya tena jambo hilo. Kosa si la hema. Hawakujua ni vitu gani viufanyavyo usiku wa hemani kuwa usiku wa raha, wala ni kitu gani kisichopasa kamwe kuingizwa ndani yake.

Ili maneno haya yasielee hewani, na tuchukue mfano wa mahali pamoja. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, juu ya lango la Naro Moru, kuna kambi iitwayo Met Station. Kambi hiyo iko mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, nayo hutumiwa na watu wanaopanda kwenda kilele cha Lenana na hata na wale wasiotaka kwenda mbali zaidi ya hapo. (Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alizikwa Nyeri mwaka 1941, karibu na mlima huo huo.) Mtu aliyejitayarisha kulala vizuri Met Station atalala vizuri pia Naivasha, na Aberdare, na mahali pengine pengi katika nchi ya Kenya.

Baridi itokayo chini

Kila upandapo mita 1,000, hewa hupungua joto kwa kadiri ya digrii 6 na nusu za Sentigredi. Nairobi iko mita 1,700 hivi, basi tofauti kati yake na Met Station ni mita 1,350. Maana yake ni kwamba usiku ambao mtu wa Nairobi anaona baridi ya digrii 12, yule aliyeko kambini huenda akawa katika digrii 3 au 4. Hiyo si baridi ya kuua mtu aliyevaa vizuri, lakini yatosha kumnyima usingizi mpaka alfajiri.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kuongeza mablanketi ya kujifunika. Hapo ndipo wanapokosea njia. Blanketi halina moto wake lenyewe. Kazi yake ni kuishika hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake, na hewa hiyo ndiyo izuiayo joto la mwili lisitoroke. Sasa, ukililalia blanketi, uzito wako huligandamiza, hewa yote ikatoka, likabaki kama kitambaa kitupu. Chini yake iko ardhi yenye baridi, ambayo hunyonya joto la mgongo wako usiku kucha bila kuchoka. Ndiyo sababu mtu hujifunika mablanketi matatu, kifua kikatoka jasho, na huku mgongo unatetemeka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua, baada ya hema lenyewe, ni kitu cha kutandika chini. Mkeka wa sponji ngumu, ule ukunjwao kama jamvi na kufungwa nje ya shanta, hauna bei kubwa, na hauwezi kutoboka. Godoro la kupulizwa ni laini zaidi, lakini lile lisilo na kitu ndani ila hewa huwa baridi mlimani, kwani hewa yake huzunguka na kuchukua joto kulipeleka chini. Asiye na fedha za kununua haya na achukue makatoni makavu na magunia, ayatandike mara mbili au tatu. Makatoni hushika hewa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Na mwenye mablanketi matatu bila mkeka na aweke mawili chini na moja juu. Zamani watu walikata majani na matawi wakatandika. Katika hifadhi na misitu ya Serikali jambo hilo ni marufuku.

Mfuko wa kulalia unapita blanketi, kwa sababu hauachi nafasi ya upepo kuingia. Yafaa kusoma nambari zilizoandikwa juu yake. Mara nyingi huandikwa zaidi ya moja: iko ya baridi ambayo mtu atalala kwa raha, na iko ya chini kabisa, ambayo maana yake ni kwamba mtu hatakufa upesi, lakini usingizi hataupata. Muuzaji hupenda kuitaja hiyo ya chini. Wewe angalia ya raha. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba huweza kupatikana mifuko mizuri kwa bei nafuu. Uubane kwa mikono miwili kisha uuachilie, na ukiona haufuri tena, uache. Jaribu na zipu yake kutoka mwanzo hata mwisho.

Tena ziwepo nguo za kulalia zisizovaliwa mchana. Shati la pamba lililolowa jasho la safari hukaa na maji yake, na maji hayo huondoa joto mwilini; sufu huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu. Soksi mbili za sufu, sweta na kofia ya kufunika masikio, vyote vikavu, vifungwe katika mfuko usioingia maji na visifunguliwe mpaka saa ya kulala. Na mwenye chupa ya chuma yenye kifuniko kigumu na aijaze maji ya moto, aivike soksi, aiweke miguuni. Sijui kitu kingine cha bei ndogo kama hicho kiletacho furaha kubwa kama hiyo.

Hema na mahali pa kulisimamisha

Hema lililoandikwa kuwa la watu wanne ni la watu wanne waliopangwa kama samaki sokoni. Ikiwa mko wanne na mizigo, tafuteni la watu sita. Lifaalo ni lenye paa mbili, ya ndani ambayo hupitisha pumzi na ya nje izuiayo mvua, na paa hizo zisigusane. Asubuhi wengi huona matone ya maji juu ya vichwa vyao wakasema hema linavuja, kumbe maji yale ni pumzi zao wenyewe zilizopoa zikaganda kwenye nailoni. Dawa yake ni kuacha madirisha madogo ya juu wazi, hata katika baridi.

Vigingi vichukuliwe vya akiba, pamoja na nyundo au jiwe zuri. Kigingi hupigwa kikiwa kimelala kidogo, kichwa chake kikielekea mbali na hema, ili kamba ikivuta isiweze kuking'oa. Turubai la kutandika chini ya hema liwe dogo kidogo kuliko sakafu yake. Likitokeza nje hukusanya mvua na kuileta chini yenu. Kuchimba mfereji kuzunguka hema kulikuwa desturi ya zamani, lakini siku hizi hakufai, kwani huharibu udongo na nyasi. Bora kuchagua mahali palipoinuka kidogo tangu mwanzo. Na mtu asipige hema kamwe katika mto mkavu wala ndani ya korongo, hata kama mchanga wake unapendeza. Mvua inyeshayo mbali huleta maji mahali ambapo halijaonekana wingu. Katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa wakitembea mwaka 2012, na tena mwaka 2019.

Kabla ya safari lisimamisheni hema nyumbani uani mara moja. Kujifunza kazi hiyo gizani, mvua ikinyesha na watoto wakilia, ni elimu ya gharama.

Jiko lisiingie hemani

Hili ndilo neno ambalo ningetaka lisomwe hata na yule asiyesoma mengine yote. Usiku ukizidi baridi, mtu huona jiko la makaa nje, makaa yamekwisha kuwa mekundu, moshi hakuna, chakula kimekwisha kuiva. Hujiambia ya kwamba ni hasara kuacha joto lile lipotee. Huliingiza hemani, akafunga zipu, akalala.

Makaa yakiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni; basi mtu hana kitu cha kumwonya. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu izidiyo ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikachukua nafasi ambayo oksijeni ilipaswa kukaa. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, na miguu humlegea. Aliyelala huendelea kulala, na huenda asiamke.

Wako wasemao, mbona wazee wetu walilala na moto katikati ya nyumba? Paa la nyasi hupitisha moshi na hewa. Nailoni imetengenezwa makusudi ili isipitishe, na hema ni dogo kuliko nyumba yo yote. Wengine husema wataacha zipu wazi kidogo, au wataingiza makaa yaliyokwisha kufifia. Makaa yaliyofifia yangali yanatoa sumu ile, na mwanya mdogo hautoshi. Jiko la gesi na la mafuta ya taa pia yana hatari hiyo, tena nailoni hushika moto na kuyeyuka upesi. Upikaji wote ufanyike nje, na wakati wa kulala jiko liachwe mbali na hema, limezimwa kwa maji. Mkimwona mwenzenu amelegea au anaumwa kichwa ndani ya hema lenye jiko, mtoeni nje mara moja apate hewa safi, kisha apelekwe hospitali, hata kama asema amepata nafuu.

Maji, chakula na mengineyo

Juu mlimani maji huchemka kabla hayajapata moto mwingi. Met Station huchemka kwenye digrii 90 hivi badala ya 100. Kwa kuua vijidudu, maji yaachwe yachemke sana kwa dakika moja katika nchi za chini, na kwa dakika tatu mahali palipozidi mita 2,000. Kwa sababu iyo hiyo maharagwe na mahindi makavu hayaivi kambini. Watu hukesha wakichochea kuni na bado punje ni ngumu kama kokoto. Githeri ichemshwe nyumbani, ije kupashwa moto tu. Unga, mchele, mayai, viazi na mboga hazina taabu.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja, na vikombe na sahani za namna hiyo, zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, na mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku katika nchi nzima mwaka 2017. Basi chukueni vikombe vya bati, jerikani na vyombo vyenye vifuniko. Vifuniko ni vya lazima kwa sababu nyingine pia: kima na nyani wa kambini wamezoea wageni, nao hujua kufungua mfuko kuliko watoto wengi. Chakula kisiachwe nje, wala kisilaliwe nacho hemani. Kikae garini au katika chumba cha kambi. Zipu ya hema ifungwe mchana na usiku, maana siafu hawabishi hodi.

Tochi ziwe mbili, na moja ya kufungwa kichwani yafaa zaidi, kwa kuwa huacha mikono huru. Betri hudhoofika kwa baridi; lala nazo ndani ya mfuko wako pamoja na simu. Chandalua ni lazima kwa waendao Baringo, Mara au pwani, ingawa Met Station mbu si taabu. Bandeji, plasta, dawa ya kuhara, firimbi, kiberiti katika kopo, koti la mvua, karatasi ya chooni na kijembe kidogo havihitaji maelezo. Meza ya kukunja na viti vyake ni mapambo. Mwenye gari na avichukue, mwenye mgongo na aviache.

Siku ya kuondoka hesabuni vigingi kabla ya kufunga, kwa kuwa vile visahauliwavyo majanini huumiza miguu ya wengine. Hema likifungwa na umande wake litaota kuvu kwa siku chache, na harufu ile haitoki. Basi mfikapo nyumbani lianikeni kivulini siku hiyo hiyo, hata kama mmechoka, mpaka mishono yake iwe mikavu kabisa.