Fahamu: Jinsi kuta za chumba zinavyobadili sauti ya spika

Spika za kupachikwa ukutani, ambazo uso wake hulingana na uso wa ukuta wenyewe, husifiwa kwa kuokoa nafasi, lakini tofauti yake kubwa na spika za kusimama sakafuni imo katika namna sauti inavyosambaa. Sauti nzito, yaani besi, ina mawimbi marefu: wimbi la hertzi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa takriban mita 3.4 hewani, na kwa hiyo huizunguka spika na kuelekea pande zote, hata nyuma.

Spika ikiwa sentimita 86 mbele ya ukuta, wimbi linalorudi kutoka ukutani huwa limechelewa kwa nusu ya urefu wake, hivyo hukinzana na lile linalotoka moja kwa moja, na besi ya hertzi 100 hufifia. Mhandisi Mmarekani Roy Allison alichambua athari za aina hii katika makala ya mwaka 1974. Spika iliyozamishwa ukutani huepuka mwangwi huo wa nyuma, na kwa kuwa nguvu yote huelekezwa chumbani, besi yake huweza kuongezeka kwa hadi desibeli 6, jambo linalohitaji kusawazishwa.

Hata hivyo, sakafu, dari na kuta nyingine huendelea kurudisha sauti, na spika iliyo karibu na kona huweza kuvuma kupita kiasi. Aidha, ukuta wa jasi usiokazwa vizuri hutetemeka pamoja na spika na kuichafua sauti, ndiyo maana baadhi ya spika hizo hufungwa pamoja na kasha gumu nyuma yake.