Usia Wenye Mashaka: Namna ya Kulinda Fungu la Mjane na Mayatima

Leo ninasema na jamaa zilizokimbia vita, na pia na mashefu na wazee wanaoketi kukata maneno ya mashamba.

Tuseme baba wa jamaa moja amefariki kambini. Kijijini aliacha nyumba na shamba la kahawa. Kabla matanga hayajakwisha, baba mdogo wa watoto anakuja na karatasi. Anasema: «Kaka aliniachia vyote. Huu ndio usia wake.» Mjane hajui kusoma. Vijana wake wanakasirika na kutafuta panga. Sisi wa Kivu na Ituri tunajua maneno kama haya yanavyoweza kuishia.

Mshike neno moja: usia si neno la mwisho. Sheria inaruhusu kuuchunguza na kuukataa. Tena kuna fungu la watoto ambalo usia hauwezi kuligusa. Haya yamo katika Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016.

Kwanza, uliza: je, usia huu ni wa kweli? Sheria inajua namna tatu tu. Namna ya kwanza ni usia uliofanywa mbele ya notere au mbele ya afisa wa Eta-sivili. Ya pili ni usia ulioandikwa wote kwa mkono wa marehemu mwenyewe, wenye tarehe na sahihi yake. Kama karatasi imepigwa kwa mashine na kutiwa sahihi tu, au mtu mwingine ndiye aliyeandika, hiyo si namna ya pili. Ya tatu ni usia wa mdomo, wa mtu anayeona kwamba kifo kiko karibu. Huo unataka mashahidi wasiopungua wawili, watu wazima, nao una mipaka: ni hasa kwa mambo kama mazishi, ulezi wa watoto na zawadi ndogo. Basi tafuteni barua za zamani za marehemu, mlinganishe mwandiko. Ulizeni pia: siku ile alikuwa na akili timamu? Kuna aliyemtisha?

Pili, hata kama usia ni wa kweli, hauwezi kutoa kila kitu. Kabla ya kugawa urithi, tenga kwanza mali ya mjane. Kama mume na mke hawakuchagua mpango mwingine walipooana, mali walizozipata pamoja katika ndoa ni za wote wawili. Nusu ni ya mjane mwenyewe, wala haiingii katika urithi.

Kinachobaki ndicho urithi. Ukate mafungu 12. Watoto wanapata 9, yaani robo tatu. Kama mke, wazazi na ndugu za marehemu wote wapo, mke anapata fungu 1, wazazi 1, na ndugu wote pamoja 1. Watoto wakiwa watatu, kila mmoja anapata mafungu 3. Msichana na mvulana ni sawasawa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa naye yumo, kama baba alimtambua kisheria alipokuwa hai. Robo tatu hii usia hauwezi kuipunguza ili kumpa mtu mwingine. Mtoto anaweza kuikosa kwa kosa zito tu, kama vile kuhukumiwa kwa kumwua mzazi wake kwa kusudi.

Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi, na kutumia vyombo vyake. Akiolewa tena na kuishi na mume mpya katika nyumba ile, haki hiyo inakwisha. Lakini kumfukuza siku ya mazishi, hapana!

Tatu, mfanye nini? Msipigane, wala msitie sahihi wala kidole kwenye karatasi msiyoielewa. Ombeni kopi ya usia. Iteni kikao cha jamaa, mwandike yaliyosemwa, na mkubaliane juu ya msimamizi wa urithi. Kwa kawaida ni mkubwa kati ya warithi. Kusanyeni hati ya kifo, hati za ndoa na za kuzaliwa, na majina ya majirani wanaojua mipaka ya shamba. Mtoto akizaliwa kambini, mwandikisheni kwenye Eta-sivili kabla ya siku 90 kupita.

Jamaa ikishindwa kupatana, nendeni kwenye tribinali ya amani ya mahali marehemu alipokuwa na makao yake. Pale ambapo vita imefunga tribinali, hifadhini ushahidi na mwandike orodha ya mali mbele ya mashahidi.

Ila msilale! Kwa viwanja na mashamba yenye hati ya ardhi, mtu akijiandikishia hati kwa hila, sheria inatoa miaka 2 ya kuipinga. Ikipita, hati hiyo haigusiki tena. Kinachobaki ni kudai fidia. Mwenye habari mapema ndiye anayeokoa shamba.

Nanyi mashefu na wazee, mkiletewa uuzaji wa shamba la marehemu, ulizeni kwanza: mjane yuko wapi? Watoto wako wapi? Kukimbia vita si kuacha mali. Sahihi yenu ya leo inaweza kuwa amani ya kijiji, au moto wake siku wenyewe watakaporudi.

Na kwa wazazi mlio hai: semeni na watoto wenu wote pamoja, mkaandike usia wenu vizuri sasa. Msiwaachie watoto wenu ugomvi.