Harambee ya Ndege: Hesabu Aina, Changisha Pesa, na Kila Shilingi Ionekane

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Kinangop haina mchezo. Ukipita kwenye shamba lenye nyasi, tazama chini. Pale kati ya mafungu ya nyasi huenda ukamwona ndege mdogo wa kifua cha njano akitembea, kisha akajificha. Wataalamu wanamwita Sharpe's Longclaw. Anaishi Kenya peke yake, na yumo kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka.

Shida yake ni moja: anahitaji nyasi, na nyasi zenyewe ziko kwenye mashamba ya watu. Kinangop karibu ardhi yote ni ya wenyewe. Mkulima mwenye karo ya kulipa akipanda viazi au kabeji anapata pesa. Akiacha nyasi zisimame, ndege atafurahi, lakini shule haipokei furaha ya ndege. Ndiyo maana kumlinda huyu ndege kunahitaji pesa, na njia moja nzuri ya kuzitafuta ni harambee ya ndege.

Inafanyaje kazi?

Mnachagua siku moja. Timu inatoka na darubini, kitabu cha ndege na kalamu, na kuhesabu aina ngapi za ndege zimeonekana. Kabla ya siku hiyo, marafiki, majirani na watu wa kazini wanaahidi kiasi fulani kwa kila aina.

Tuseme shangazi yako ameahidi Sh20 kwa kila aina. Mkiona aina 60, anatuma Sh1,200. Mkipata watu 25 kama yeye, mna Sh30,000. Hakuna tiketi, hakuna kukodi hema, hakuna kupika pilau ya watu mia.

Usidhani aina 60 ni nyingi mno. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Mwaka 1986, watazamaji watatu walihesabu aina 342 hapa Kenya kwa saa 24 pekee. Nyinyi hamtafuti rekodi, lakini mkitembea na mtu anayezijua sauti za ndege, mtashangaa wenyewe. Kati ya Oktoba na Aprili idadi hupanda zaidi, kwa sababu kuna ndege wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Kama hujui kutofautisha shomoro na kwera, usiogope. Nature Kenya wana matembezi ya ndege Nairobi kila Jumatano asubuhi, na yameendelea tangu miaka ya 1970. Wengi walioanza pale hawakujua chochote.

Pesa zinafanya nini?

Hili ndilo swali ambalo wafadhili watauliza kwanza, kwa hivyo liwe na jibu kabla hamjaomba hata shilingi.

Kinangop kuna majibu mawili yanayoonekana kwa macho. Kwanza, vipande vya ardhi vimenunuliwa ili vibaki nyasi. Pili, kikundi cha wenyeji, Friends of Kinangop Plateau, kilisaidia kuanzisha kazi ya kusokota na kufuma sufu kule Njabini. Mantiki yake ni rahisi: sufu ikiwa na soko, kufuga kondoo kunalipa. Kondoo wanahitaji nyasi. Nyasi zikibaki, ndege anabaki.

Pwani nako, Mida Creek karibu na Watamu, wageni hulipia kupita kwenye daraja la mbao lililoning'inia juu ya mikoko na kutazama ndege wa ufuoni. Mapato hayo yamelipia karo za sekondari za watoto wanaoishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, chini ya mpango ulioanzishwa na A Rocha Kenya. Mzazi ambaye karo ya mtoto wake inatoka kwa msitu ana sababu ya kuulinda.

Kwa hivyo usiseme tu "tunachangia mazingira." Sema: tunanunua miche 500, tunalipa ada ya kuwafunza waongoza wageni wanne, au tunachangia ununuzi wa ardhi kupitia shirika fulani. Taja kitu kinachoweza kuhesabika.

Panga malipo kabla ya kupanga matembezi

Harambee nyingi haziharibiki kwa kukosa wachangaji. Zinaharibika pesa zikishaingia kwa simu ya mtu mmoja, zikachanganyika na za unga na za boda, halafu maswali yakaanza. Hata kama mweka hazina ni mwaminifu, hana namna ya kujitetea. Fanyeni hivi:

*Pokeeni kwa jina la kikundi.* Mkiwa na cheti cha usajili, ombeni namba ya Paybill ya kikundi. Jina la kikundi litaonekana kwa mchangaji, na hilo peke yake linaondoa wasiwasi mwingi.

*Chagueni Paybill badala ya Till kama mna timu kadhaa.* Paybill ina nafasi ya kuweka namba ya akaunti. Kila timu ipewe neno lake, kwa mfano KANGA, KOROFINDO au KUNGURU. Mwisho wa siku mtajua nani ameleta ngapi bila kukisia.

*Wekeni kikomo cha ahadi.* Mtu anaweza kuahidi Sh100 kwa kila aina akidhani mtaona kumi. Mkirudi na 140, ni Sh14,000, na ataacha kushika simu yako. Mwulize mapema: "Isizidi ngapi?"

*Ombeni malipo siku hiyo hiyo.* Ahadi hupoa haraka kuliko chai. Jioni, tuma ujumbe mfupi wenye idadi ya aina, kiasi anachodaiwa na namba ya Paybill. Mtu akishalala, imekuwa deni la mwezi ujao.

*Kutoa pesa kuwe kwa zaidi ya mtu mmoja.* Chagueni viongozi wawili au watatu wa kuidhinisha, na mkubaliane hivyo kwenye mkutano.

*Usiamini SMS pekee.* Mtu akisema ametuma, angalia salio au taarifa ya akaunti. Na usimpe mtu yeyote PIN, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu.

Ndege nao wanahitaji mashahidi

Kuna jambo ambalo watu husahau. Katika harambee hii, kila ndege aliyeandikwa ni pesa ya mtu. Anayehesabu ndiye anayefaidika idadi ikipanda. Kwa hivyo wekeni sheria: aina haiingii kwenye orodha mpaka watu wawili wameiona au kuisikia. Mkiwa na shaka, iacheni nje. Orodha mnaweza kuiweka kwenye programu ya eBird, ambayo ni ya bure, ili mfadhili aione mwenyewe na watafiti nao waitumie.

Kisha, ndani ya wiki moja, wapelekeeni wafadhili vitu viwili pamoja: orodha ya ndege na taarifa ya pesa. Zilizoingia, ada zilizokatwa, zilizotumika, zilizobaki. Mtu aliyetuma Sh300 akiona Sh300 yake, mwaka ujao hutahitaji kumbembeleza.

Je, kikundi chenu hakijasajiliwa bado? Anzeni na ofisi ya huduma za jamii iliyo karibu nanyi, mpate cheti. Kama mtawaomba watu wa nje ya kikundi, ulizeni hapo hapo kuhusu kibali cha kuchangisha. Halafu njooni duka letu la huduma mkiwa na cheti, vitambulisho vya viongozi na kumbukumbu za mkutano uliowachagua. Darubini mtaazima, ila jina zuri la kikundi haliazimwi.