Volti Zipo, Taa Imefifia: Kupima Sakiti ya Gari

Mtahiniwa, sakiti unazochora daftarini zina nyaya zisizo na ukinzani na viungio visivyoshika kutu. Gari linalopita kwenye matope na vumbi la Ufipa haliko hivyo. Ukielewa tofauti hiyo, swali la Kanuni ya Ohm halitakusumbua.

Chukua mfano wa Land Cruiser inayotoka Sumbawanga mjini, juu ya uwanda, ikipitia Ntendo kwenda Muze katika bonde la Ziwa Rukwa. Njiani inateremka Lyamba lya Mfipa, penye mteremko mkali na kona nyingi. Usiku umeingia, na taa moja ya mbele imefifia. Dereva anasimama, anachomoa soketi ya taa, anaipima kwa voltimita na kusoma volti 12. Anasema, "Umeme upo, balbu ndiyo mbovu." Anaweka balbu mpya, nayo inafifia vilevile. Amekosea wapi?

Kwa nini kipimo kilimpotosha

Voltimita ina ukinzani mkubwa sana. Mita nyingi za kidijitali zina omu milioni 10 hivi. Soketi ikichomolewa, mkondo unaopita kwenye mita ni mdogo mno. Kwa kuwa V = I × R, mkondo ukikaribia sifuri, volti zinazopotea kwenye kiungio kibovu nazo hukaribia sifuri. Kwa hiyo mita husoma volti 12 hata kama kiungio kimeoza. Kasoro hujitokeza pale tu mkondo wa kazi unapopita.

Hesabu yake

Balbu imeandikwa 60 W, 12 V.

Mkondo wa kawaida: I = P ÷ V = 60 ÷ 12 = ampea 5.
Ukinzani wa balbu: R = V ÷ I = 12 ÷ 5 = omu 2.4.

Waya wa taa unaorudi kwenye bodi ya gari, ambao mafundi huuita ethi, umeshika kutu na kuongeza ukinzani wa omu 1.2. Kiungio na balbu viko katika mfululizo. Tuchukulie kwamba ukinzani wa balbu haubadiliki.

Ukinzani wote: 2.4 + 1.2 = omu 3.6.
Mkondo: 12 ÷ 3.6 = ampea 3.33.
Volti kwenye balbu: 3.33 × 2.4 = volti 8.
Volti kwenye kutu: 3.33 × 1.2 = volti 4.
Uwezo wa balbu sasa: 8 × 3.33 = wati 26.7 hivi.

Balbu ya wati 60 inafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake, na kiungio kinapata joto la wati 13 hivi. Balbu mpya haiwezi kuondoa kutu.

Namna sahihi ya kupima

1. Pima betri injini ikiwa imezimwa. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi.
2. Angalia fyuzi. Iliyokatika husoma volti upande mmoja tu.
3. Rudisha soketi, washa taa. Hapa ndipo dereva wetu alipokosea.
4. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, na nyekundu kwenye waya wa ethi wa taa. Ethi nzima husoma karibu na sifuri. Ukisoma volti 4, kasoro umeipata.
5. Zima taa, fungua bolti ya ethi, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha pima tena taa ikiwaka.

Tahadhari

Usiunganishe ampimita moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri. Ina ukinzani mdogo sana, hivyo mkondo mkubwa utaiunguza. Usipime omu wakati sakiti ina umeme. Usibadilishe fyuzi kwa kipande cha waya: fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue.

Jipime

Kiungio cha waya wa mota ya kuwashia injini kina ukinzani wa omu 0.02. Tafuta volti zinazopotea pale (a) mota inapovuta ampea 150. (B) taa ndogo inapovuta ampea 0.5 kupitia kiungio hichohicho.

Majibu: (a) volti 3; (b) volti 0.01.

Kiungio ni kilekile na ukinzani ni uleule, lakini taa ndogo itawaka vizuri huku injini ikigoma kuwaka. Ukiulizwa sababu kwenye mtihani, usiishie kuandika "betri ni mbovu". Taja mkondo, taja ukinzani, kisha onyesha hesabu. Alama ziko hapo.