Kompyuta mbili nyumba moja, mbona bado unabeba flashi?

UKO sebuleni na laptopu yako. Kompyuta ya mezani iko chumbani, hatua kumi tu kutoka ulipoketi, na ndani yake mna ripoti ya atachimenti unayofaa kuwasilisha kesho asubuhi. Zote mbili ziko kwenye waifai ya nyumbani. Unafungua sehemu ya mtandao, unangoja, na skrini haikuonyeshi kitu. Baada ya dakika tano umeshainuka kutafuta flashi, ileile iliyorudi kutoka saiba juzi na virusi vilivyoficha folda zako zote.

Ukiuliza wajuaji watakwambia uzime ukuta wa ulinzi wa Windows, uondoe nenosiri na uruhusu kila mtu. Ni kweli folda huenda ikafunguka. Lakini kama unaishi kwenye ploti ambako majirani mnachangiana waifai moja, huyo "kila mtu" ni pamoja na jamaa wa mlango wa nne. Ataona ripoti, lakini pia ataona picha ya kitambulisho chako, karatasi za HELB na cheti cha KRA ulichosahau humo ndani. Kwa hivyo tutatafuta shida ilipo bila kung'oa mlango.

Kwanza, je, ni kweli ziko kwenye mtandao mmoja? Usicheke. Mara nyingi laptopu huwa imejiunga na hotispoti ya simu uliyoitumia jana stima ilipopotea, ilhali ile ya mezani iko kwenye ruta. Katika kila kompyuta fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika ipconfig, kisha tazama anwani ya IPv4. Ukikuta moja ni 192.168.100.5 na nyingine ni 192.168.100.9, ziko pamoja. Ikiwa moja inaanza na 192.168.100 na nyingine na 192.168.43, kila moja iko kwake, na hakuna mpangilio wa Windows utakaozikutanisha.

Zikiwa pamoja na bado hazionani, shuku ruta. Ruta nyingi zina waifai ya wageni, na kazi yake hasa ni kumpa mgeni intaneti huku ikimzuia kufikia vifaa vingine vya nyumbani. Zingine huzuia vifaa vyote visiongee, na kama ruta ni ya mwenye ploti, huna funguo zake. Njia ya mkato ni hii: washa hotispoti ya simu yako, zima data, kisha unganisha kompyuta zote mbili hapo. Kwa simu nyingi zitaonana, na kuhamisha faili kati yao hakuli bando hata kidogo.

Sasa tuingie kwenye Windows yenyewe. Kila unapojiunga na waifai mpya, Windows huiweka kwenye fungu la 'Public' au 'Private'. Ikiwa kwenye 'Public', kompyuta yako hujificha, jambo ambalo ni zuri ukiwa maktaba ya chuo au kwenye mkahawa, lakini nyumbani linakufungia nje. Bofya jina la waifai kwenye mipangilio na ubadilishe kuwa 'Private', kwa kompyuta zote mbili. Kisha andika "advanced sharing" kwenye kisanduku cha kutafutia, na uwashe mambo mawili: kompyuta kuonekana kwenye mtandao, na kushiriki faili. Hapo hapo utaona pia sehemu ya kulinda faili kwa nenosiri. Hiyo usiiguse, iache imewashwa. Ndiyo inayomzuia jirani.

Kama bado orodha ya mtandao ni tupu, usikate tamaa, maana orodha hiyo ina uvivu wake. Kwenye laptopu, fungua dirisha lolote la folda, na katika ule mstari wa juu andika mikwaju miwili ya kurudi nyuma ikifuatwa na anwani ya kompyuta ya chumbani, hivi: \\192.168.100.9. Ikifunguka, basi kompyuta hazina ugomvi, ni orodha tu iliyochelewa. Tumia jina la kompyuta badala ya namba ukiweza, kwa sababu ruta inaweza kubadilisha namba hizo wakati wowote. Isipofunguka kabisa na Windows ikakuonyesha kosa 0x80070035, maana yake haijafika kwenye kompyuta ile ng'o. Rudi uhakikishe zote ni 'Private', halafu uangalie kama kuna antivairasi nyingine uliyoweka yenye ukuta wake yenyewe.

Lakini ikikuuliza jina na nenosiri, hongera, umefika mlangoni. Na hapa ndipo wengi hukwama. Mimi hapa nilipoteza jioni nzima, nikiandika namba nne zilezile ninazotumia kuwasha kompyuta, na kila mara nikarudishwa. Nilikuwa karibu kuilaani ruta. Kumbe ile PIN hufanya kazi kwenye kompyuta yenyewe pekee, haisafiri mtandaoni. Windows inataka nenosiri kamili la akaunti, tena la akaunti iliyo kwenye kompyuta yenye faili, wala si ile unayoitumia sebuleni. Na ikiwa akaunti hiyo haina nenosiri lolote, Windows itakukatalia, kwa sababu hairuhusu akaunti isiyo na nenosiri kuingia kupitia mtandao.

Wengi wetu tulifungua kompyuta kwa baruapepe miaka mitatu iliyopita na nenosiri tukalisahau palepale. Dawa yake ni rahisi kuliko unavyodhani. Kwenye kompyuta ya chumbani, tengeneza akaunti nyingine ya kawaida isiyohusiana na baruapepe yoyote, uiite kwa mfano "nyumbani", na uipe nenosiri lake. Kisha bofya folda moja tu kwa upande wa kulia wa panya, nenda 'Properties', halafu 'Sharing', bonyeza 'Share' na uiongeze akaunti hiyo. Folda moja, nasisitiza, si diski nzima. Ikiwa uliwahi kuandika nenosiri baya na laptopu ikalihifadhi, lifute kwanza kwenye 'Credential Manager', la sivyo itaendelea kulitumia kisirisiri.

Kuna anayefungua folda vizuri lakini akijaribu kusevu anakataliwa. Folda ina ruhusa za aina mbili, za mtandao na za folda yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Ukitumia kitufe cha 'Share', Windows hukupangia zote. Ukipitia 'Advanced Sharing' itakubidi upange upande wa pili mwenyewe.

Ukitafuta msaada mtandaoni utakutana na ushauri wa kale. Ukiambiwa utumie HomeGroup, pita. Iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka wa 2018. Ukiambiwa uwashe SMB1, hapo kataa kabisa. Hiyo ni lugha ya zamani ya kushirikisha faili, na ni kupitia udhaifu wake ambapo WannaCry ilisambaa Mei 2017, ikafunga faili za watu na kudai fidia, hadi hospitali za Uingereza zikaathirika. Tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 mpya huja ikiwa imezimwa. Hata Windows 7 haiihitaji.

Na ikiwa jana ilifanya kazi na leo imegoma, kabla hujagusa mpangilio wowote nenda chumbani ukaangalie kama kompyuta imelala. Ikilala haipatikani kwa yeyote. Iamshe, urefushe muda wake wa kulala, unakili ripoti yako, kisha uifungue kwenye laptopu uone kama kurasa zote zimefika.